Mkono wa shati, na masaa saba ndani ya kichwa cha mjomba

Ushahidi wa kwanza kwenye kisa hiki cha kiharusi sio CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ni mkono wa shati la shule.

Mjomba wangu ni fundi cherehani, miaka 61, presha anayo tangu zamani na sukari kama miaka minane hivi, vidonge anameza akikumbuka. Ilikuwa Jumamosi mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa Jumatatu, kibanda kimejaa mashati meupe mpaka nje. Hilo shati nililiona wiki moja baadaye, kijana anayejifunza kazi kwake alikuwa kaliweka pembeni hajui alifanyeje. Mshono unaanza umenyooka kama rula, kama shibiri moja hivi, afu unaanza kupinda taratibu, unatoka kwenye ukingo wa kitambaa, afu unarundikana sehemu moja, uzi juu ya uzi mpaka pamekuwa na kinundu, kwa sababu mkono wa kushoto ambao ndo unaongoza kitambaa ulikuwa umelala juu yake kama mfuko wa mchanga umekizuia kisitembee, na mguu wa kulia huko chini bado unakanyaga. Kijana akamuuliza "Fundi vipi?" Mjomba akajibu yuko sawa, mashine ndo inavuta. Mdomo umeshaenda upande, mate yanatoka, yeye anailaumu mashine.

Hospitali ukipeleka mtu wa kiharusi swali la kwanza ni mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, na familia nyingi hazina jibu. Sisi tulikuwa nalo, saa 4 kasoro dakika 10 asubuhi, kijana anakumbuka kwa sababu alikuwa ndo anarudi na vitumbua.

Sasa nieleze yaliyofuata jinsi yalivyokuwa afu nirudi nyuma nichambue. Saa 4 na dakika 12 mkaza mjomba akanipigia. Mimi nafundisha baiokemia chuo kimoja cha afya, sio daktari, ila kwenye ukoo ukishagusa mambo ya afya hata kidogo basi simu zote ni zako. Kaniambia mjomba kaishiwa nguvu upande mmoja, wamempima na kile kimashine cha nyumbani, presha 195 kwa 110. Na mimi, mwenye somo la kifo cha seli kwenye ratiba yangu kila mwaka, nikasema "mama, mpeni dawa yake ya presha haraka afu mkimbizeni hospitali." Wakampa, jirani akaongeza kidonge kingine akasema kiwekwe chini ya ulimi ndo kinafanya kazi chapchap, na kweli kilifanya. Saa 5 na dakika 10 presha ilikuwa 118 kwa 70, watu wakashukuru Mungu, ila mguu wa kushoto ambao mwanzo alikuwa anaukanyagia sasa ulikuwa haunyanyuki. Wakaenda kwanza kituo cha afya cha karibu, kufika saa 6 kasoro robo, wakamkuta kalegea wakamtundikia dripu ya glukosi bila kupima sukari. Saa 7 wakaondoka na Noah ya kukodi, saa 10 kasoro dakika 20 wakafika hospitali kubwa, sukari ikapimwa ikasoma 17.4, yaani juu sana, CT skani ikapigwa saa 11 kasoro dakika 10 jioni. Masaa saba kamili, dakika 420 tangu ule mshono upinde. Hakuna damu iliyovuja, ni mshipa umeziba, upande wa kulia wa ubongo kuna eneo limeanza kufifia rangi. Kipimo cha moyo kikaonyesha mapigo yanaruka bila mpangilio, maana yake donge la damu inawezekana kabisa lilitengenezwa kwenye chumba cha juu cha moyo likapanda mpaka kichwani likakwama kwenye mshipa wa kati wa ubongo.

Watu wengi kwetu wanaamini kiharusi kinapiga mara moja, kama radi, aliyepigwa kapigwa kilichobaki ni mazoezi na kuchuliwa. Hata mimi naona kichwani nilijua sio hivo ila mkononi, kwenye simu, nilifanya kama ni hivo. Ukweli ni kwamba saa 4 kasoro dakika 10 seli nyingi za mjomba zilikuwa bado hai. Zilikufa baadaye, kwa mafungu, kwa njia tofauti, na baadhi zilikufa tukiwa tunaangalia.

Anza na umeme. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na karibu hauna akiba, yaani ni nyumba ya LUKU ambayo kila siku inaishi na yuniti mbili. Zaidi ya nusu ya hiyo nishati inaenda kwenye kazi moja ya kuchosha, kuna pampu kwenye ukuta wa seli zinatoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, mchana na usiku. Ni mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja, akiacha tu maji yanapanda. Donge likikwama, oksijeni na glukosi havifiki, ATP, ambayo ndo nishati ya seli, inaisha, na pale katikati ambapo damu imekatika kabisa pampu zinasimama ndani ya dakika chache tu. Sodiamu inamiminika ndani na maji yanaifuata, seli inavimba. Potasiamu inatoka nje. Chaji ya umeme kwenye ukuta wa seli inaporomoka, na hapo ndo balaa lenyewe linapoanza, kwa sababu niuroni, yaani seli ya neva, ikipoteza chaji inafanya kile ilichozoea kufanya, inaachia glutameti.

Glutameti sio sumu, ndo lugha ya kawaida ya ubongo, tunavyosoma hivi ni glutameti inarukaruka kati ya seli na seli. Kawaida ikishaachiwa inafagiliwa haraka na protini za kubebea zilizoko kwenye seli za jirani. Shida, hizo protini zinaendeshwa na ule mpangilio wa sodiamu, mpangilio ukivurugika zinageuka, badala ya kufagia ndani zinamwaga nje. Mwaka 1969 Mmarekani John Olney alionyesha glutameti ikizidi inaua seli za neva kwenye panya, kwa kuzisisimua tu, na yeye ndo aliyelipa jambo hilo jina, kufa kwa kusisimuliwa kupita kiasi. Naona ni moja ya mambo ya ajabu kwenye baiolojia nzima, seli haifi kwa kunyamazishwa, inafa kwa kupigiwa kelele.

Na mlango wa kelele unajulikana. Ni kipokezi kinaitwa NMDA, ambacho siku za kawaida kina kizibo cha magnesiamu ndani yake, kama kokoto kwenye mdomo wa bomba. Glutameti peke yake haiwezi kukifungua sawasawa, mpaka chaji ya ukuta ishuke ndo kokoto linatoka. Sasa kwa mjomba vyote viwili vipo, glutameti imejaa na chaji imeshuka, kokoto limetoka, kalisiamu inaingia. Nje ya seli kalisiamu iko kama mara 10,000 ya ndani, kwahiyo usifikirie kuvuja, fikiria ukuta wa bwawa umepasuka.

Ndani ya seli kalisiamu ni kama filimbi ya refa, kila mtu anaisikiliza. Kalpaini, enzaimu ya kukata protini, inaamka na kuanza kukata nguzo zinazoshikilia umbo la seli. Fosfolipesi, enzaimu nyingine, zinaanza kula mafuta ya ukuta wa seli yenyewe. Na kuna enzaimu ya kutengeneza naitriki oksaidi, ambayo imefungwa kamba pembeni kabisa ya kipokezi cha NMDA kwa kutumia protini inaitwa PSD-95, kwahiyo ndo ya kwanza kupata kalisiamu ikiingia. Naitriki oksaidi peke yake ni gesi ya kawaida mwilini, ila mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, zikilemewa na kalisiamu zinatema supaoksaidi, oksijeni iliyogeuka kali, hivi viwili vikikutana vinazaa peroksinaitraiti, na hiyo inachana DNA. Sasa angalia msiba unavyojizaa: DNA ikichanika, enzaimu ya ukarabati inaitwa PARP-1 inakuja mbio, inafanya kazi kwa kuteketeza NAD, na NAD ndo seli inaitegemea kutengeneza ATP. Mafundi wanakuja kurekebisha nyumba wanaanza kwa kuchoma mbao za paa. Na mabaki ya kazi ya PARP-1 yanaenda kwenye mitokondria yanatoa protini moja inaitwa AIF, inakimbilia kwenye kiini cha seli na kusababisha DNA ikatwe vipande. Huu ni mtindo wa kufa unaojitegemea, una jina lake, pathanatosi.

Yote hayo, kwa sehemu ya katikati kabisa, yalishaanza kabla simu ya mkaza mjomba haijaita. Kwa zile seli sina cha kujilaumu.

Lakini ile ni katikati tu. Ubongo una njia za panya, mishipa midogo inayozunguka kutoka mitaa jirani, na kwa masaa kadhaa inaweza kulisha eneo kubwa lililozunguka pale palipokufa. Kawaida gramu 100 za ubongo zinapata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Ikishuka chini ya 20 hivi seli inanyamaza, haitoi umeme wa kazi, mkono unalala, lakini haijafa. Ikishuka chini ya 10 pampu zinagoma na ndo kifo. Hapo kati ya 20 na 10 kuna seli ambazo zimezimia tu. Mwaka 1981 Astrup, Siesjö na Symon waliliita eneo hilo penumbra, yaani kivuli cha nusu, kama unavyokiona wakati jua linapatwa. Kwa mjomba asubuhi ile kivuli cha nusu kilikuwa kikubwa, na ushahidi ni mguu, saa 4 na dakika 20 alikuwa bado anaukanyagia akiwa ameshikiliwa.

Sasa turudi kwenye vidonge. Ile presha ya 195 haikuwa adui. Mwili ulikuwa unasukuma kwa nguvu ili damu ipite njia za panya, kwa sababu mishipa ya lile eneo imeshafunguka mpaka mwisho, haina namna nyingine ya kujirekebisha, kinachopita pale kinategemea presha tu, ukishusha presha umeshusha damu moja kwa moja. Ndo maana miongozo ya kiharusi cha kuziba inasema kama mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha donge basi presha iachwe mpaka ivuke 220 kwa 120, na anayepewa ishushwe kwa uangalifu ifike chini ya 185 kwa 110, tena hospitali, baada ya CT skani. Sisi tulitoka 195 mpaka 118 ndani ya saa moja, sebuleni. Seli iliyokuwa inapata mililita 15 ikapata labda 8 au 9, hapo nakisia sikuwa na kipimo kichwani kwake, ila mguu uliokataa saa 5 na dakika 10 sihitaji kipimo kuuelewa. Kidonge cha chini ya ulimi ndo kibaya zaidi kwa sababu kinashusha ghafla na hakina usukani, madaktari wameshakikataza miaka mingi, lakini mtaani bado kinaheshimika kama maji ya zamzamu. Simlaumu jirani, yeye alifuata nilichoanzisha mimi.

Kuna kitu kingine kinakula kivuli cha nusu ambacho watu wachache wanakijua. Pale ukingoni seli zinapoteza chaji kwa mawimbi, wimbi linaanza karibu na sehemu iliyokufa na kutembea kwenye ubongo kwa kasi ya milimita chache kwa dakika, Mbrazili Aristides Leão ndo aliyelieleza mwaka 1944 akiwa anafanya kazi na sungura. Kwenye ubongo wenye afya wimbi likipita seli zinajirudishia chaji na damu inaongezeka kusaidia. Kwenye kivuli cha nusu hakuna hela ya kulipia hiyo kazi, kila wimbi likipita seli zinachaji upya kwa ATP ambayo hazina, mpaka wimbi moja linapita na hazirudi tena. Kwahiyo lile eneo lililokufa linapanuka kwa hatua hatua, kama maji ya bahari yakijaa, wimbi linapanda linarudi, linapanda zaidi kidogo linarudi.

Afu ile dripu. Hapa nina hasira zaidi, na nazificha kwa kutokitaja kituo. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari, hajapimwa, anaongezewa glukosi, kwa nia njema kabisa, "kalegea aongezewe nguvu." Kwenye seli ambayo haina oksijeni lakini bado inapata glukosi ya kudondokadondoka, kinachofanyika ni uchachu, ndo kama unavyoacha uji, glukosi inavunjwa nusu njia na kuishia kuwa asidi ya laktiki. pH, kipimo cha uchachu ambacho kikishuka asidi imezidi, kawaida ni kama 7.3 na inaweza kushuka mpaka 6.5 au chini zaidi ya hapo kama sukari iko juu. Asidi yenyewe inafungua mlango mwingine, unaitwa ASIC1a, na utafiti wa mwaka 2004 kwenye panya ulionyesha mlango huu unapitisha kalisiamu bila hata kuhitaji glutameti. Yaani hata kama ungekuwa umeziba NMDA kwa gundi, kalisiamu inazunguka nyuma ya nyumba. Tena asidi inalegeza madini ya chuma kutoka kwenye protini zinazoyashikilia, na chuma kikiwa huru kinawasha mafuta ya ukuta wa seli yanaoza kwa oksijeni, ukuta unatoboka. Hiyo nayo ni namna ya kufa yenye jina, feroptosisi, jina limepatikana mwaka 2012 tu, mimi nilipokuwa nasoma halikuwemo kwenye vitabu.

Niwe mkweli hapa, sukari kuwa juu inaenda pamoja na matokeo mabaya, hilo halina ubishi, lakini kuishusha kwa nguvu kwa insulini ilijaribiwa kwenye jaribio kubwa la Marekani linaitwa SHINE, matokeo yakatoka 2019, haikusaidia wagonjwa wapone vizuri zaidi. Kwahiyo siwezi kusema sukari ya mjomba ingeshushwa angetembea. Ninachoweza kusema ni kwamba hakukuwa na sababu ya kumuongezea.

Usiku ule hospitali kubwa alipewa aspirini, kitanda, na uangalizi. Dawa ya kuyeyusha donge haikupewa na walikuwa sahihi. Jaribio la Marekani la 1995 lilionyesha inasaidia ikitolewa ndani ya masaa matatu, mwaka 2008 watafiti wa Ulaya wakaonyesha mpaka masaa manne na nusu, baada ya hapo hatari ya kuvuja damu inaanza kuzidi faida isipokuwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu. Wenzetu wenye uwezo wa kuingiza waya kwenye mshipa na kulivuta donge, tangu majaribio ya 2015 na yale ya 2018, kuna wagonjwa wanavutiwa mpaka saa ya 24 kama picha inaonyesha kivuli cha nusu bado kipo. Pale hakukuwa na hiyo huduma.

Siku ya pili asubuhi nikafika. Mjomba anaongea, ulimi mzito lakini anaongea, nikamwamkia shikamoo mjomba, akaitika akiwa anaangalia ukuta wa kulia, mimi nimesimama kushoto. Wakaleta ugali na mchicha. Akala nusu ya sahani, nusu ya kulia tu, kwa mstari ulionyooka kabisa, afu akalalamika chakula cha hospitali kidogo. Mkaza mjomba akazungusha sahani. Akala na ile nyingine. Kwa muuguzi ni kitu cha kila siku, upande wa kulia wa ubongo ukiharibika dunia ya kushoto inafutika. Mimi ilibidi nitoke nje.

Nilichokuwa nakijua pale nje kwenye benchi ni kwamba vifo vilikuwa havijaisha. Katikati kule seli zilikufa kwa kupasuka, ila kwenye ukingo, seli zilizobakiwa na ATP kidogo zina njia ya taratibu, zinajiua kwa mpangilio. Mitokondria inaachia saitokromu c, ambayo siku zote kazi yake ni ya uzalishaji wa nishati, ikitoka tu nje inakutana na protini ya Apaf-1, wanatengeneza kitu kama gurudumu, gurudumu linaamsha kaspesi-9, enzaimu ya kukata protini, nayo inaamsha kaspesi-3, na hiyo ndo inayofungua mafaili yote na kuyachana, seli inanywea, inafungwa vifurushi vidogo, inaliwa na majirani bila kelele. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliuita mtindo huu apoptosisi, kwa neno la Kigiriki la majani kupukutika. Kinachonikera ni kwamba inahitaji ATP, kufa vizuri nako kunahitaji umeme, seli fukara kabisa hata hiyo haiwezi. Na kuna ya katikati, inaonekana kama kupasuka lakini imepangwa, protini RIPK1 na RIPK3 zinaamsha MLKL, MLKL inaenda kutoboa ukuta. Inaitwa nekroptosisi, na timu ya Junying Yuan mwaka 2005 ilitengeneza molekuli ya kuizuia, panya waliopewa uharibifu ukapungua.

Kuhusu vifo vya kuchelewa, Mjapani Kirino mwaka 1982 aliziba mishipa ya shingo ya panya wa jangwani kwa dakika 5 tu kisha akaachia damu ipite. Siku moja baadaye seli nyingi za eneo linaloshughulika na kumbukumbu zilikuwa zinaonekana nzima, ila kufikia siku ya nne sehemu kubwa zilikuwa zimekufa. Dakika tano. Damu imerudi. Na bado zikafa, kwa hukumu iliyotolewa siku nyingine.

Siku ya tatu mjomba akaanza kulala sana, ukimwamsha anafungua macho anafunga. CT skani ya pili ikaonyesha uvimbe. Hii ni awamu ya mfumo wa kinga, seli zilizopasuka zinamwaga vitu ambavyo kawaida vinakaa ndani, ATP yenyewe na protini kama HMGB1, mikroglia ambazo ni askari wa ubongo zinasoma hilo kama uvamizi, zinaita seli nyeupe za damu, na seli nyeupe zinakuja na enzaimu ya MMP-9 inayokata gundi ya ukuta wa mishipa ili zipite. Maji yanapita pamoja nazo. Ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada, uvimbe ukikosa pa kwenda unabana kilicho kizima. Kilele chake ni siku ya pili mpaka ya tano, na wengi wanaokufa kwa kiharusi kikubwa wiki ya kwanza wanakufa kwa hilo.

Kwenye mkoba wa mjomba kulikuwa na glibenklamaidi, kidonge cha sukari cha bei rahisi kila duka la dawa kipo. Dawa hiyohiyo inaziba mlango mmoja unaoingiza sodiamu na maji kwenye seli za ubongo zilizoumia, SUR1-TRPM4, kwa panya ilipunguza uvimbe vizuri sana, ikatengenezwa ya sindano, ikajaribiwa kwa watu wenye kiharusi kikubwa, matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha faida. Nilikaa na ile pakiti mkononi naisoma kama barua.

Na hiyo sio ya peke yake, kufikia 2006 watafiti walihesabu matibabu 1,026 ya kulinda ubongo yaliyojaribiwa maabara na kliniki, katika zile za kulinda seli hakuna hata moja iliyokuwa imekuwa tiba ya kawaida duniani. NXY-059 ya kuzima supaoksaidi na wenzake ilionekana kufanya kazi jaribio la kwanza 2006, la pili 2007 ikaanguka. Magnesiamu, lile kokoto lenyewe, tena dawa ileile tunayowachoma kina mama wenye kifafa cha mimba, ilitolewa ndani ya gari la wagonjwa huko California kwa watu 1,700, ndani ya masaa mawili tangu dalili zianze, yaani kila kitu kilifanywa sawasawa, matokeo 2015: hakuna tofauti. Nerinetaidi, dawa inayokata ile kamba ya PSD-95, mwaka 2020 haikufaulu kwa jumla, ila kwa waliokuwa hawajapewa dawa ya kuyeyusha donge ilionekana kusaidia, labda kwa sababu dawa ya kuyeyusha inaamsha enzaimu inayoikatakata nerinetaidi kwenye damu. Dawa mbili zinagombana mgonjwa kalala.

Wanafunzi wangu wakiona orodha hii wanasema basi elimu ya molekuli haina maana. Mimi naona tofauti. Kila dawa iliziba mlango mmoja kwenye nyumba yenye milango kumi, na tena ilitumwa kwa barabara ileile iliyozibwa na donge, sasa inafikaje? Kilichofanya kazi ni kurudisha damu, basi, kwa sababu ndo kitu pekee kinachofunga milango yote kwa pamoja kikiwahi. Na elimu ya molekuli ndo inayokwambia mambo ya kijinga kabisa ya sebuleni, usishushe presha, usiweke kitu mdomoni, usitundike glukosi bila kupima, ondoka sasa hivi.

Mjomba hakufa. Uvimbe ulianza kupungua siku ya sita, siku ya 16 akatoka, sasa ni miezi mitatu, anatembea na fimbo, anatumia dawa ya kulainisha damu kwa ajili ya moyo. Mguu umerudi kwa kiasi. Mkono wa kushoto haujarudi, vidole vinakunja havikunjui. Juzi kaniuliza seli zake ngapi zimekufa, anajua nafundisha mambo hayo. Nikamwambia kuna Mmarekani anaitwa Saver alipiga hesabu 2006, kiharusi cha mshipa mkubwa kinaua kwa wastani niuroni milioni 1.9 kila dakika, zidisha kwa dakika 420 unapata milioni 798, ila ni wastani tu mjomba, wengine zaidi wengine pungufu. Akanyamaza. Akauliza kati ya hizo ngapi ni za baada ya kile kidonge. Kumbe anakumbuka. Nikamwambia sijui, akasema hata yeye angekuwa mimi angesema mpeni dawa, presha 195 si mchezo.

Lile shati nilitaka nilichukue niwe nawaonyesha wanafunzi. Nikamwulizia kijana, akaniambia "kaka, mwenye oda alikuja Jumatatu ile ya pili, nilishafumua ule mkono nikaushona upya, mtoto yuko nalo shule."